Mnaokata pambizo za michoro na picha za Königsberg, mnatuharibia kazi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajisumbua kuificha. Mimi ni mtengenezaji wa modeli za meli hapa Kisumu, na kwa muda sasa nimekuwa nikijenga, kwa skeli ya 1:100, manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, ile ambayo wazee wa pwani waliiita manowari na bomba tatu, iliyopata mwisho wake katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ugumu wa kazi yenyewe haunisumbui, kwa kuwa aliyetaka wepesi angenunua gari la plastiki la kuunganisha na kulimaliza Jumapili jioni. Kinachonichoma ni tabia iliyoota mizizi hapa na katika makundi ya WhatsApp ya kukata pambizo za kila mchoro na maelezo ya kila picha kabla ya kusambaza, kisha mtu akikuuliza ulikoipata unamjibu kwamba umeitoa mtandaoni.

Niwaeleze wale wanaodhani pambizo ni karatasi ya ziada. Katika mchoro wa meli, pembeni ndiko kunakoandikwa jina la meli, kiwanda kilichouchora, tarehe, mstari wa skeli, na namba ya jalada katika hifadhi unakotunzwa. Nyuma ya picha ya zamani ndiko kulikoandikwa kwa penseli mahali na mwezi ilipopigwa. Ukivikata hivyo, umebaki na mistari mizuri isiyo na maana, kwa sababu anayejenga modeli hatafuti pambo la ukutani. Anataka kujua meli ilikuwaje siku fulani. Na meli yoyote ya vita iliyoishi miaka kadhaa ina sura nyingi: iliyotoka kiwandani, iliyofanyiwa matengenezo, iliyopakwa rangi upya, iliyopigwa.

Tuanze na mchoro niliouziwa. Mtu mmoja, ambaye simtaji, alitangaza kwamba anauza michoro halisi ya Königsberg, nami nikamtumia pesa kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Nililetewa faili safi iliyokatwa kwa unadhifu pande zote nne, bila herufi hata moja. Nikaipeleka saiba kuchapishwa kwenye karatasi ndefu. Kijana wa pale, kwa nia njema kabisa, akaacha mashine iupunguze mchoro ili utoshee karatasi yake, na kwa kuwa mstari wa skeli haukuwepo, hapakuwa na namna yoyote ya kushika rula na kusema umepungua kwa kiasi gani.

Najua kuna atakayedakia kwamba ningetumia uwiano. Haya, tufanye hesabu pamoja. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Emden, ambayo ni ya aina nyingine, ile ya Dresden, ilikuwa na mita 118.3 kwa 13.5, nayo pia ina mabomba matatu ya moshi. Ukiugawa urefu kwa upana unapata 8.73 kwa ya kwanza na 8.76 kwa ya pili. Ukiuvuta au kuuminya mchoro wa Emden hadi urefu wake uwe sentimita 115.3, ambao ndio urefu sahihi wa modeli yangu, upana utapungukiwa na sehemu ya milimita tu, yaani unene wa mstari wa kalamu ya risasi iliyochongwa vibaya. Uwiano hauwezi kukuokoa hapo. Kitakachokuokoa ni maandishi ya pembeni peke yake, na hayo ndiyo yaliyotupwa.

Mchoro ule ulikuwa wa Emden. Nilikuja kuuona mzima baadaye, kwa mwanamodeli wa Ulaya ambaye hakuukata, na jina liko pale pambizoni kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Kufikia wakati huo fundi wangu wa Kibuye alikuwa amekwishakata mabomba matatu kutokana na paipu ya alumini ya eriali ya zamani ya televisheni, ameyabonyeza pande kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha mti aliochonga mwenyewe, akayapiga msasa hadi yakang'aa. Kazi safi ya mikono, na vipimo vyote ni vya meli nyingine. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwamba meli za Wajerumani zote zilifanana.

Hazikufanana! Hata ndugu zake wa tumbo moja hawakufanana naye. Nürnberg, Stuttgart na Stettin huhesabiwa katika kundi moja na Königsberg, lakini zilikuwa na urefu wa mita 117.4, yaani zaidi ya mita mbili, ambazo kwenye meza yangu ni sentimita 2.1. Stettin ilifungwa mashine za tabo, yaani zenye mapanga yanayozungushwa na mvuke, wakati wenzake walikuwa na mashine za mvuke za pistoni. Anayesema zilifanana ni mtu ambaye hajawahi kuweka kruza mbili, yaani manowari za aina hii, upande kwa upande na kuhesabu madirisha.

Picha ndizo zenye fujo kubwa zaidi. Katika jukwaa hili hili imewekwa mara kadhaa picha ya kruza yenye minara mitatu ya mizinga, kila mnara na mizinga mitatu, chini yake pameandikwa kwamba hiyo ndiyo Königsberg ya Rufiji. Hiyo ni meli nyingine iliyopewa jina hilohilo, iliyoteremshwa majini mwaka 1927 na kuzamishwa na ndege za Waingereza bandarini Bergen, Norwei, tarehe 10 Aprili 1940. Ina mabomba mawili. Meli yetu iliteremshwa Kiel tarehe 12 Desemba 1905, na mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilisimama mmoja mmoja: miwili sambamba mbele, mitatu kila ubavu, na miwili sambamba nyuma. Kati ya hizo mbili ilikuwepo nyingine tena ya jina hilo, iliyoteremshwa mwaka 1915 baada ya yetu kupotea, kwa hiyo jina bila mwaka halimsaidii mtu chochote. Ni sawa na kumuuliza mtu umri wake akakujibu kwamba anakaa Kondele.

Tuseme basi picha ni ya meli yenyewe. Ni ya lini? Königsberg iliondoka Kiel mwezi Aprili 1914 na kufika Dar es Salaam mapema Juni. Meli za Ujerumani zilizotumwa nchi za mbali wakati wa amani zilipakwa nyeupe mwilini na rangi ya manjano ya udongo kwenye mabomba na sehemu za juu, rangi ambayo hakuna nahodha anayetaka kubaki nayo vita vikianza. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja kutengeneza mitambo, ikaizamisha, kisha ikajificha Rufiji kwa sababu mitambo yake yenyewe ilikuwa imechoka. Vipande vya mitambo vilishushwa na kukokotwa na wapagazi nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa kwa njia hiyohiyo. Ndani ya delta meli ilifunikwa matawi ili isionekane na ndege. Katika mwaka mmoja tu una angalau sura tatu tofauti, na anayejenga ile ya Juni akitumia picha ya Desemba anajenga meli ambayo haijawahi kuwepo.

Picha za mabaki ndizo zinazopendwa kuliko zote, pengine kwa kuwa zinatia huruma: meli imelala kwenye tope, mabomba yameinama. Nimeona mtu akizitumia kuthibitisha kwamba mizinga ya ubavuni haikuwepo. Ndugu yangu, mizinga haionekani kwa sababu Wajerumani waliitoa yote kumi baada ya manowari za Waingereza, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni kwa kuwa zilikaa juu juu majini, kuipiga meli kwa maelekezo ya ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Mizinga hiyo ilitumika nchi kavu katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Picha ingekuwa na tarehe yake, hoja hiyo isingeanza hata kidogo.

Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, adui wake wa Unguja. Aliye Mombasa akiwa na futi ya kupimia anaweza kutusaidia zaidi ya picha elfu za mtandaoni. Mtutu wa mzinga wa aina ile una urefu wa mara arobaini ya kipenyo cha tundu lake, yaani mita 4.2, na kwenye modeli yangu ni sentimita 4.2 kamili, wembamba wa kijiti cha mshikaki. Hata hapo tarehe inahitajika, kwa sababu mizinga ilipopelekwa nchi kavu ilifungwa kwenye magari ya magurudumu, ilhali melini ilisimama kwenye nguzo ya kuzungukia ikiwa na ngao ya chuma mbele. Kuna modeli moja iliyosifiwa sana hapa ambayo mizinga yake imekaa kana kwamba inasubiri ng'ombe wa kuikokota.

Sasa nifike kwa hawa wanaotia rangi picha za zamani kwa kompyuta, ambao ndio wameniongezea shinikizo la damu. Vioo na filamu za picha za enzi ile viliitikia sana mwanga wa buluu na havikuona nyekundu. Kwa hiyo anga ya buluu ilitoka nyeupe, rangi nyekundu ya chini ya meli ilitoka karibu nyeusi, na manjano ya udongo ilitoka nzito kuliko jicho lingeiona. Programu ya kompyuta haijui hilo. Inaona bomba lenye kivuli kizito, inalipaka kijivu cha risasi, na picha inaenea ikiwa imepoteza hata ile nyeusi na nyeupe iliyokuwa shahidi wa kweli. Ukimuuliza mwenye kuitia rangi aonyeshe ya awali, hana, alishaifuta.

Na lipo la hapa kwetu. Mzee mmoja wa mtaani alikuwa na albamu ya babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa vita vile, na ndani yake mlikuwa na picha za meli na za askari zilizoandikwa nyuma kwa mkono. Mkusanyaji mmoja alimwomba Mzee azipige skani, akaahidi kuzirudisha, akazirudisha kweli, hilo simnyimi. Lakini alichoweka mtandaoni ni upande wa mbele tu, na jina lake kubwa amelibandika katikati ya picha, juu ya sitaha hasa, mahali ambapo mwanamodeli anahitaji kuona. Maandishi ya nyuma hakuyapiga. Nilipomwendea Mzee kuomba niyasome, albamu ilikuwa imekwenda na mwanawe ng'ambo. Mtu alikuwa nayo mkononi, mashine ya skani iko mbele yake, kugeuza karatasi ni sekunde moja!

Nimeshaambiwa nisilalamikie vitu vya bure. Hivi si vya bure kwangu. Michoro ya jeshi la majini la Kaizari ipo katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Ujerumani huko Freiburg, na taarifa za manowari za Waingereza zipo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew. Jumba la makumbusho ya vita la London huzipa picha zake nyingi za vita vile namba zinazoanza na herufi Q. Mtu wa Kisumu anaweza kuagiza nakala kutoka sehemu hizo bila kupanda ndege, mradi awe na namba. Ukiikata namba umenifungia mlango ambao wewe mwenyewe uliukuta wazi, na badala ya barua moja inanibidi nilipie upekuzi wa majalada mazima kwa pesa za kigeni.

Ninaomba msimamizi wa jukwaa aweke sharti kwamba picha au mchoro wa kihistoria usiokuwa na pambizo zake, au angalau maelezo ya ulikotoka na mwaka, uondolewe siku hiyohiyo, na anayetia rangi aweke ya awali kando yake. Aliye na mchoro wa sitaha ya Königsberg ya mwaka 1905, si ya Nürnberg wala ya Emden, aupige skani mzima hadi kwenye ukingo wa karatasi iliyochanika na auweke hapa. Rula ikiwekwa juu ya karatasi wakati wa kuskani itakuwa vizuri zaidi.

Na wewe uliyeniuzia Emden, uzi huu unausoma, kwa maana jana ulijibu mtu mwingine. Namba niliyokutumia pesa ndiyo namba ninayosubiri zirudi, pamoja na gharama ya paipu na ya fundi.