MJADALA: Treni ya mwendokasi ikifika Kusini, mizigo ya abiria na watalii ikae wapi?

Mleta mada (Shangani, Mtwara)

Wakuu, salaam. Najua wapo watakaosema bado mapema. Reli ya kisasa ya Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, takribani kilomita 1,000, ingali kwenye makaratasi, na inazungumzwa zaidi kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma. Lakini stesheni huchorwa kabla reli haijalazwa, na mabehewa huagizwa miaka kabla abiria wa kwanza hajapanda. Tukingoja kuzindua ndipo tuulize mzigo unakaa wapi, tutajibiwa kwamba nafasi haipo.

Swali ninaloleta: abiria, na hasa mgeni anayekuja kutalii, awekewe kikomo kikali cha mizigo kama cha ndege, au treni iwe na sehemu yake ya kupokea kila mzigo?

Msimamo wangu nauweka wazi. Mzigo mkubwa usiingie kabisa kwenye behewa la abiria, ila treni isimkatalie mtu mzigo wake. Upokelewe dirishani, upewe namba, usafiri kwenye behewa lake, na mwenyewe aukute anakoshukia.

Nimepanda treni za aina hii, sitataja za nani. Ndani pazuri, kiti safi, rafu ya juu inameza begi la mgongoni bila shida. Taabu inaanzia mlangoni. Stesheni ya katikati treni inasimama dakika chache tu. Nilimwona mama anashuka na shangazi kaja lililotuna, kijana wa kizungu anapanda na begi la magurudumu linalomfika kiunoni, na katikati ya kijia limelala boksi ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Mhudumu akalinyanyua akalipitisha juu ya vichwa vya watu waliokaa. Mtoto alikuwa amelala pale pale chini ya hilo boksi. Hakuna aliyeumia, lakini treni ya kilomita 160 kwa saa haitakiwi kutegemea bahati.

Karibuni.

Mwalimu, Masasi

Mkuu, hapo kwenye behewa la mizigo umetuongezea gharama bure. Dawa ni kikomo, tena kiandikwe kwenye tiketi. Ufaransa wamefanya hivyo. Tangu mwaka 2024, kwenye TGV INOUI, treni zao za kasi, abiria anaruhusiwa mabegi makubwa mawili, kila moja lisizidi sentimita 70 kwa 90 kwa 50, na mkoba mmoja mdogo wa mkononi. Ukizidisha, faini euro 50. Na kila begi lazima liwe na jina la mwenyewe, kwa sababu begi lisilo na mwenyewe huko linasimamisha safari nzima mpaka likaguliwe. China, kwenye treni zao za kasi, mtu mzima ni kilo 20, na ukijumlisha urefu, upana na kimo cha begi usivuke sentimita 130.

Watalii wetu wanatoka nchi hizo au wameshapita huko. Wamezoea. Anayeshindwa kufuata kikomo ni sisi wenyewe, na tabia hujengwa kwa kanuni.

Mama wa korosho, Newala

Mwalimu, shikamoo. Huyo Mfaransa wako anakwenda kwa mama yake na mabegi mawili ya nguo. Mimi nikienda Dodoma kwa mwanangu nabeba korosho, nabeba ng'onda, samaki wetu wa kukausha, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, nabeba ming'oko, maana mjukuu anaiulizia kwenye simu kila siku. Hiyo haina sentimita. Iko kwenye kiroba. Basi linaibeba na konda ananitoza, tunapatana, tunaondoka. Treni ikija na kunikataza kiroba, basi ni treni ya wageni, na mimi nitaendelea kuiona inapita.

Muongoza watalii, Kilwa Masoko

Naomba nizungumze kwa upande wa wageni, maana kila mtu anawasemea.

Mgeni wa Kusini si sawa na mgeni wa Serengeti. Wa Serengeti anashushwa na ndege ndogo, begi lake linabebwa na gari la kampuni mpaka hemani. Wa kwetu mara nyingi anajipanga mwenyewe. Anakuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, anashuka Mikindani, anakwenda Msimbati kuogelea. Kote huko kuna boti, bodaboda na mchanga. Begi la magurudumu kwenye mchanga wa Msimbati ni mateso. Kuvuka kwenda Kisiwani maji yakiwa yametoka, unashuka kwenye mashua unatembea majini, suruali imekunjwa magotini, begi kichwani. Nimewabebea wengi.

Kwa hiyo mgeni hataki kupanda treni na begi lake kubwa. Anataka kuachana nalo kwa siku tatu na alikute salama. Wajapani wameelewa jambo hili vizuri kuliko wote. Tangu Mei 2020, kwenye njia za treni zao za kasi, Shinkansen, za Tokaido, Sanyo na Kyushu, begi ambalo jumla ya vipimo vyake vitatu imevuka sentimita 160 lazima likatiwe kiti chenye nafasi ya mzigo nyuma yake. Kiti hicho hakina nyongeza ya bei, lakini ukija bila kukata unatozwa yeni 1,000. Likivuka 250 haliingii. Wengi hawafiki hata huko, kwa sababu kuna huduma ya kutuma mizigo, takkyubin, iliyoanza mwaka 1976. Unaacha begi hotelini asubuhi, kwa kawaida kesho yake unalikuta hoteli ya mji mwingine, wewe umepanda treni na mkoba tu.

Halafu kuna suala ambalo Mwalimu hakuligusa. Mgeni anakuja na begi moja, anaondoka na vinyago. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana, kikiwa cha mita moja kinahitaji wanaume wawili kukipakia. Mchongaji wetu anapoteza biashara kila siku kwa sababu mgeni anasema, "Kizuri sana, lakini ndege haitanikubalia." Anaishia kununua kifaru cha ukubwa wa kiganja. Treni inayopokea mzigo mzito inaweza kubadili maisha ya wachongaji kuliko semina zote za ujasiriamali. Kikomo cha Kifaransa kitakiua kinyago hicho hicho kwa mara ya pili.

Fundi, Nachingwea

Namuunga mkono mleta mada, na nataka niweke jambo moja la kiufundi, kwa sababu hapo ndipo penye uamuzi wenyewe.

SGR, yaani reli ya kisasa, ya Dar hadi Dodoma ina treni za aina mbili. Ya kwanza, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, ni kichwa cha umeme kinachovuta mabehewa. Ya pili ni mchongoko, iliyoanza Novemba mwaka huo huo: mota zimo ndani ya seti yenyewe, mabehewa yamefungwa pamoja kiwandani, pua mbele na pua nyuma. Mchongoko huwezi kuutundikia behewa la mizigo nyuma kama unavyotundika kwenye kichwa. Ulivyoletwa ndivyo utakavyokuwa. Ukitaka nafasi ya mizigo ndani yake lazima uiombe wakati wa kuagiza, ung'oe safu kadhaa za viti, na kila kiti ulichong'oa ni nauli uliyoikosa kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo swali la mizigo ni swali la treni gani tunaagiza. Kwa njia yetu, yenye watu wachache na mizigo mingi, kichwa na mabehewa kinatufaa zaidi. Abiria wakiwa wengi unaongeza behewa la abiria. Msimu wa korosho unaongeza la mizigo.

Na wanaosema reli huku ni ndoto wakumbuke tulikuwa nayo. Waingereza walijenga reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Karanga zikashindwa, reli ikakosa mzigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Reli yetu ilikufa kwa kukosa mzigo. Leo tunakaa kujadili namna ya kuukataa mzigo wa Mama wa Newala.

Mwalimu, Masasi

Fundi, hilo la mchongoko limenigusa, nakubali lina uzito. Lakini hujanijibu kuhusu wizi na upotevu. Mzigo ukitenganishwa na mwenyewe, nani anawajibika?

Utingo wa zamani, Lindi

Nimjibu Mwalimu, maana nimefanya kazi hiyo. Kwenye basi mzigo unaingia kwenye buti, unaandikwa namba kwa chaki au kwa kalamu ya wino mzito, na abiria anapewa kikaratasi kama konda ana moyo. Kama hana, hupewi. Niliwahi kuona begi la bwana harusi likishushwa Nangurukuru na mtu ambaye begi lake lilifanana nalo, na bwana harusi akalikosa mpaka ndoa ikapita. Suti, viatu, mahari yote mle. Mwenye basi alisema si kosa lake, akaishia hapo.

Tatizo halikuwa kutenganisha begi na mwenyewe. Tatizo ni kwamba hakukuwa na karatasi, na hakukuwa na mtu mlangoni wa kuuliza karatasi. Weka vyote viwili, wizi unapungua sana.

Mkazi wa Mikindani, anaishi Mombasa

Niongeze la huku. Madaraka Express ilianza mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, na watu wa pwani tumeizoea. Lakini jiandaeni na ukaguzi. Pale stesheni ya Miritini mnapanga mabegi chini kwa mstari, mnasimama kando, mbwa wa polisi anapita ananusa moja moja. Baadaye ni mashine. Mwenye viroba vinne anaviburuta hatua kwa hatua, na mgeni mwenye begi la magurudumu ameshakaa ndani.

Mimi ni Mwislamu na najua Mikindani ni ya Waislamu. Mbwa kulisogelea begi lenye kanzu na mswala linawasumbua wengi, hata kama hawasemi. Mashine peke yake ingetosha, na kama mbwa ni lazima basi wanuse kule kwenye behewa la mizigo, mabegi yakiwa yamefungwa kwenye turubai. Hili nalo lichorwe kwenye ramani mapema.

Mleta mada

Nashukuru. Mjadala umekwenda mbali kuliko nilivyoufungua.

Mwalimu, kuhusu uwajibikaji: mzigo unapopokelewa, mwenyewe ataje thamani yake, iandikwe kwenye stakabadhi, na shirika litakaloendesha treni liwajibike kwa thamani hiyo. Asiyetaja thamani alipwe kiwango cha chini kilichobandikwa ukutani. Stakabadhi ikaguliwe mlango wa kutokea, si wa kuingilia. Utingo ametueleza kwa nini.

Kuhusu bei, nashikilia kwamba itozwe kwa kipande na kwa ukubwa, isiwe kwa kilo. Mizani inaleta ubishi na foleni, na ubishi ndiyo mlango wa rushwa. Mezani kuwe na fremu tatu za chuma, ndogo, ya kati na kubwa. Mzigo wako unapita kwenye fremu gani, bei yake ni hiyo, mtoto anaweza kusoma. Kiroba kinapita, begi la mzungu linapita, kinyago kinapita. Hakuna anayependelewa kwa sababu begi lake lina magurudumu.

Muongoza watalii, chumba cha kuhifadhi mizigo stesheni ya Mtwara nakiweka sambamba na choo na maji. Kisiachwe kwa ajili ya "awamu ya pili", kwa sababu tunajua awamu ya pili huwa inafika lini.

Sikubaliani na jambo moja tu la Fundi. Usiseme mchongoko hautufai kabisa. Ukija siku moja, mizigo inaweza kutangulia kwa treni ya mizigo usiku na abiria akafuata asubuhi, kama hao Wajapani. Kinachotakiwa ni mzigo uwe na njia yake.

Mama wa korosho, Newala

Mwanangu, hapo kwenye fremu umenipata. Nikijua bei kabla sijatoka nyumbani, nalipa. Lakini mmesema mizigo itangulie usiku. Korosho itangulie, sawa. Ng'onda je? Na dada zangu wanaopeleka samaki wabichi kwenye barafu? Wakilala stesheni usiku mmoja ni hasara. Na wasiwekwe pamoja na mabegi ya wageni, kesho mtatuandikia kanuni kwamba samaki marufuku.

Mleta mada

Shikamoo mama. Samaki wawe na kona yao kwenye behewa hilo, yenye sakafu ya bati na tundu la kutolea maji, na wasafiri treni ile ile anayopanda mwenyewe. Ninaandika maoni haya kuyapeleka mkoani. Dada zako wanashusha samaki saa ngapi pale feri? Nataka saa ya kufungua dirisha la mizigo iendane na wao.

Mama wa korosho, Newala

Wa kwanza wanafika kabla ya adhana ya alfajiri. Andika saa kumi na nusu.