Mrejesho: Beetle yangu haipotezi tena nguvu mlimani

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu Volkswagen Beetle yangu ya mwaka 1968, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa badala ya maji, na ambayo ilikuwa ikiishiwa nguvu kila nilipopanda mlima wakati wa jua kali. Mlionishauri nianze na raba inayoziba nafasi kati ya injini na bodi mlikuwa sahihi, nami nawashukuru kwa dhati. Niliikuta imekauka na kukatika vipande, hivyo feni ilikuwa ikivuta upya hewa ya moto iliyotoka chini ya injini. Baada ya kuibadilisha niliondoa kasha la feni, na humo ndani nikaikuta rejeta ndogo ya oili imezibwa na vumbi lililogandamana na mafuta mithili ya udongo wa mfinyanzi. Na kwa kuwa rejeta hiyo huikinga silinda ya 3 isipate hewa ya kutosha, silinda hiyo ndiyo huumia kwanza. Oili, ambayo ni lita 2.5 tu, sasa naibadilisha kila kilomita 3,000, maana nayo hubeba sehemu kubwa ya joto. Jana saa nane mchana niliupanda mlima ule ule kwa gia ya tatu, na injini haikulegea hata kidogo.