Eti "mzazi wako yuko wapi?" Nina shahada ya ustawi wa jamii, naambiwa hivi!

Mtoto wa Uyole
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya bajaji, mikono inatetemeka na wala si baridi ya Mbeya. Leo nimekwenda kuripoti kujitolea kwenye ile ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia watoto wenye kesi. Ofisi siitaji. Yule mama mnamjua, wa funguo shingoni na kikombe cha maua. Kama hajawahi kukufokea basi wewe hukai mjini hapa, unapita tu.

Nimeingia na bahasha yangu ya kaki, barua ya utambulisho mkononi, shati limepigwa pasi mpaka kola inanikata shingo. Nikasema shikamoo. Kimya. Kanitazama juu mpaka chini, kachungulia mlangoni nyuma yangu, halafu: "Mzazi wako yuko wapi? Haya kaa pale na wenzio, mtaitwa."

WENZIO! Wenzio ni madogo wa kesi waliojipanga kwenye benchi. Miguu ikanikalisha yenyewe. Aliye pembeni yangu, wa kesi ya simu Mwanjelwa, kaninong'oneza kwa huruma kabisa: "Dogo, we wamekukamatia nini?"

Dogo! Nina miaka 27. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na huyo mama ndiye anapaswa kuijua kuliko mimi. Nimefundishwa kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii mpaka naiota: fika nyumbani kwa mtoto, ongea na mlezi, nenda shuleni, uliza majirani, ili hakimu ajue atoe amri gani, maana mtoto hahukumiwi kifungo jela. Kazi nzima ni kumsoma mtu usiyemjua. Yeye kanisoma sekunde mbili, kaniweka kundi la wezi wa simu.

Nilipompa barua akasema, "Aa, kumbe we ndo wa kujitolea? Si ungesema." Akarudi kwenye chai yake. Pole hakuna. Mzazi wangu yuko Tukuyu shambani, nimpigie aje kunidhamini?

Kamanda Ipogolo
Kamwene mkuu. Weka picha kwanza. Hatuwezi kumhukumu mama wa watu bila kuona sura yenyewe.

Dada wa Sae
Wewe una afadhali. Mimi barua yangu aliifanya kisahani. Nilirudishiwa ina duara la chai juu ya muhuri, na huko nilikoipeleka wakaniuliza kama nimeiokota mgahawani.

Mzee Sokomatola
Marahaba mjukuu, naipokea ile shikamoo kwa niaba yake. Ila vijana mna machozi ya karibu. Subiri upangiwe mtoto wa kumfuatilia, ufike kwao ukute kahamia kwa shangazi, ufike kwa shangazi uambiwe yuko machimboni Chunya. Hapo utalikumbuka benchi.

Mtoto wa Uyole
Mzee wangu, hoja si benchi. Hoja ni MZAZI WAKO YUKO WAPI.

Kamanda Ipogolo
Sasa si umjibu, yuko wapi? Hahahaaa

Bibie Kihesa
Samahani kuingilia, mdogo wangu kamaliza kidato cha nne anaitaka hiyo kazi ya kusimamia vijana wenye kesi. Aanzie wapi?

Dada wa Sae
Akiwa na ufaulu unaotakiwa aanze astashahada, apande mpaka stashahada. Akipita kidato cha sita anaweza kuingia shahada moja kwa moja. Kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar. Ila msichanganye: afisa ustawi wa jamii ndiye anakaa na mtoto kwenye mahakama ya watoto. Huduma za uangalizi wa wanaotumikia adhabu nje ya jela, wale tunaowaita maafisa probesheni, wako Wizara ya Mambo ya Ndani. Nafasi za serikali asubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Na mwambie afuge ndevu.

Mtoto wa Uyole
Ndevu zimefanyaje tena?

Kamanda Ipogolo
Kumbe hana! Nilijua tu. Kesi imefungwa, mama hana hatia.

Bibie Kihesa
Asante dada. Ila Dar tena jamani? Na shule ya maadilisho yenyewe, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, iko Irambo, huku huku Mbeya. Nauli nitatoa wapi?

Msafwa Halisi
Nauli ya Dar unailalamikia, hujapanda bajaji za Kabwe usiku wewe. Mvua ikidondoka tone moja bei inapanda, na dereva anakuangalia kama wewe ndiye umeileta.

Baridi ya Njombe
Bajaji ni starehe. Njooni huku muone dalali wa parachichi. Anachambua kreti kwa kidole: hili dogo, hili lina doa, hili silipendi tu. Yaliyokataliwa kutwa nzima, jioni anayataka kwa bei ya bure.

Mtoto wa Uyole
Jamani, uzi wangu.

Msafwa Halisi
Subiri kidogo dogo. Mkuu wa Njombe, dalali yupi, yule wa kofia ya bluu?

Baridi ya Njombe
Huyo huyo! Na kwenu kafika?