Mjadala: Zana inayofuta data, wakala wa AI aandikiwe nini?

Wenzangu mnaotengeneza programu hapa Nairobi, kuna jambo linalotugawa kazini. Wakala wa akili mnemba (AI) ni programu inayotekeleza kazi yenyewe kwa kutumia zana tunazompa, na huchagua zana kwa kusoma maelezo yake. Zana inayofuta data, je, tumwandikie maelezo yake, au tuifiche asijue kama ipo? Wapo wanaosema ukimwonyesha mtoto kiberiti atakiwasha. Mimi nasema tuandike, tena kwa kirefu kuliko tunavyowaandikia watu.

Ilikuwa tarehe 31 Machi. Kampuni ndogo niliyokuwa nikiihudumia, karibu na Barabara ya Ngong, ilikuwa imeunganisha wakala wa AI na mfumo wake wa malipo. Zana moja niliiandikia maelezo mimi mwenyewe, maneno matatu tu: "Hutoa risiti mfumoni." Nilimaanisha kuondoa. Mhasibu, mama makini sana, akaandika: "Toa risiti zote za Machi." Alitaka zichapishwe wateja wapewe. Mnakijua Kiswahili chetu: kutoa risiti ni kumpa mteja, na kutoa risiti ni kuiondoa. Wakala hakuwa na neno hata moja la kumfanya asite. Risiti za mwezi mzima zikaenda.

Nakala rudufu ya usiku uliotangulia ilirudisha nyingi, ila za siku ile yenyewe hazikuwemo, na mwisho wa mwezi ndipo watu hulipa. Tulikaa hadi saa tatu usiku. Mama akipekua ujumbe wa M-Pesa kwenye simu, akinisomea nambari za muamala herufi moja moja, hii ni O au ni sifuri, nami nikiingiza upya.

Mgeni kazini angekiona kitufe chekundu, angemgeukia wa meza ya pili amuulize. Wakala hana meza ya pili. Ana yale maelezo basi. Kwa hiyo tuandike "hufuta", tuachane na "hutoa", "huondoa" na "husafisha". Tuseme ni nini kingine kinafutika pamoja nayo, kama kinarudishika na ndani ya siku ngapi, na ni wakati gani asimame amuulize mtu. Na tumwelekeze: kama unataka kuchapisha, tumia zana ile nyingine. Sentensi hiyo moja ingetuokoa.

Mchangiaji wa Kilimani: Pole kwa yaliyokupata, kaka, lakini unaweka imani yote kwenye karatasi. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kutengeneza programu, alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika ya mteja wake, mfanyabiashara Jason Lemkin, ilhali alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kisha akamwambia data hairudishiki, na ikarudishwa. Agizo lilikuwepo, limeandikwa, likapuuzwa. Hata binadamu hukosea: Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji programu kazi zao, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba, na kazi ya takriban saa 6 ikapotea. Mnyang'anye wakala ruhusa ya kufuta, mjadala uishe.

Mchangiaji wa Rongai: Hauishi, ndugu yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kuomba data yake ifutwe ikiwa huna tena ruhusa ya kuiweka au uliipata kinyume cha sheria. Maombi hayo yatapitia kwa mawakala tupende tusipende. Mimi naogopa kinyume cha hayo: zana iliyoandikwa "hufuta mteja" kumbe inamficha tu kwenye orodha, na rekodi iko palepale. Wakala anamjibu mteja kwamba amefutwa. Huo ni uongo, na sisi ndio tumeuandika.

Mleta mada: Dada wa Rongai, hilo sikuwa nimeliwaza, na nalikubali: kuficha kuitwe kuficha. Ndugu wa Kilimani, kufuli nalo nalikubali. Hata MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwaka 2024, ina alama ya kuonyesha kwamba zana inaharibu, lakini inaonya kwamba alama hiyo isiaminiwe ikitoka kwenye seva usiyoiamini. Kwa hiyo sasa zana yangu haifuti zaidi ya risiti moja bila mtu kuidhinisha. Lakini fikiria yule mama anaulizwa "Nitoe risiti 400?" Angejibu ndiyo, bila kusita, kwa sababu ndicho alichokitaka. Kufuli tungekuwa nalo, na ufunguo angeugeuza mwenyewe. Ombi la idhini nalo hutungwa kutokana na maelezo yaleyale.

Mchangiaji wa Kilimani: Hapo umenishika. Tuwekee hapa hayo maelezo mapya tuyasome.

Mleta mada: "Hufuta risiti moja. Hairudishiki baada ya siku 30. Malipo yaliyoambatanishwa nayo hubaki bila risiti. Usitumie kuchapisha wala kumpa mteja risiti. Mtumiaji akisema 'toa', muulize kwanza: kuchapisha au kufuta?"