Hadithi za vijana wa miaka 12 mpaka 16, mwandishi anaweza kuishi nazo hapa Dar?

mwl_mbagala
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Mbagala na huwa naandika hadithi. Nina mswada umeisha, binti wa kidato cha pili anaenda Feri na mama yake alfajiri kuchukua samaki ndo aende shule, wanafunzi wangu wanagombania daftari kuusoma. Nimeupeleka kwa mchapishaji mmoja hapa mjini kaniambia niupunguze uwe wa shule ya msingi wenye picha, au niongeze mapenzi uwe riwaya ya wakubwa, eti hapo katikati hamna soko. Waliotangulia naomba mnisaidie, kazi hii inalipa kweli? Na mswada niukate?

kalamu_kigamboni
Usiukate mwalimu, tafadhali sana. Hapo katikati ndo watoto wetu wanapotea, akishamaliza vitabu vya picha la tano la sita hivi, kwa Kiswahili anarukia riwaya za wakubwa au anahamia kwenye simu moja kwa moja.

Ila hela tuongee wazi. Mrabaha kwa kawaida ni kama asilimia 10 hivi, yaani kitabu cha 5,000 wewe chako ni 500, zikiuzwa nakala 1,000 umepata 500,000 na hiyo mara nyingi unaisubiri mpaka mahesabu ya mwaka yafungwe. Kinachobeba mwandishi wa watoto hapa nchini ni shule. Vitabu vya kiada siku hizi TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wanaandika wenyewe, wachapishaji binafsi wamebaki kugombania vya ziada, kwa hiyo kitabu chako kikipata ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, kinaweza kuuzika miaka na miaka. Mcheki mwandishi Richard Mabala, hadithi yake ya Hawa the Bus Driver imesomwa na watu wa rika tofauti kabisa kwa sababu ilikuwa kwenye orodha ya shule.

mama_wawili_tabata
Mi naongea kama mnunuzi. Hayo ya shule sawa, lakini mkiandika mkimuwaza mwalimu tu mtoto anajua ukurasa wa kwanza. Wa kwangu ana miaka 13, akiona mtu mzima katokea kwenye hadithi anatoa nasaha anakifunga hapo hapo. Nikienda madukani Kariakoo naonyeshwa vitabu vya mitihani, hadithi ya Kiswahili ya umri wake naitafuta mpaka nachoka. Mwalimu huyo binti wa Feri mwache alivyo, akikosea akosee, asiokolewe na mjomba mwenye busara. Mi nitanunua.

mhariri_ilala
Mama Tabata kasema kweli tupu. Mwalimu, kwanza usiache chaki, na sikuvunji moyo. Waliodumu kwenye kazi hii wengi walikuwa na shughuli ya pili iliyo jirani na vitabu. Elieshi Lema kaandikia watoto na wakubwa, na huku wakaanzisha kampuni ya uchapishaji E&D na Demere Kitunga. Wewe shughuli yako ya pili ni darasa, na una wasomaji mbele yako kila siku, wengi wetu tunaandika gizani.

Pili, tuzo. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na TET, ilianza na riwaya na ushairi halafu wakaongeza hadithi za watoto, soma masharti ya umri na urefu kabla hujatuma. Mshindi anapata hela na kitabu kinachapwa, hiyo ya kuchapwa kwangu ndo kubwa zaidi maana ndo inakufungulia mlango wa shule. Ukiamua kuchapa mwenyewe, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi, halafu kazi isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

mwl_mbagala
Nashukuruni sana, mswada unabaki ulivyo. Mhariri, huyo mchapishaji alinigusia pia kununua hadithi yote kwa mkupuo, analipa mara moja tu basi, hilo likoje?

mhariri_ilala
Usisaini hiyo. Ukiuza haki zote kikija kuingia shuleni hupati hata shilingi, na ukitaka kuendeleza huyo binti kitabu cha pili itabidi umuombe yeye ruhusa. Mwambie unataka mrabaha, iandikwe kwenye mkataba kwamba nakala zikiisha asichape tena kwa muda mtakaokubaliana haki zinarudi kwako, na mtafute mwanasheria ausome kabla hujaweka kalamu.

kalamu_kigamboni
Na haki za redio na filamu zitaje pembeni kabisa, usimpe kwenye furushi moja na kitabu.