Jiji limetunyima kibali cha kukusanyika, hii sababu inasimama?

Mama Riziki
Wakuu, salaam. Sisi ni wapangaji, tuko Marekani, jiji silitaji kwa sasa. Tuliomba kibali cha kukusanyika bustani ya umma, watu kama 200, Jumamosi saa nne asubuhi, spika mbili. Jana imekuja barua ya mistari mitatu: tumekataliwa kwa ajili ya "utulivu wa umma". Karani wa dirishani akaninong'oneza kwamba wenye nyumba wamepiga simu, eti tukikusanyika nao watakuja, na patachimbika. Sasa fujo walete wao, kibali ninyimwe mimi? Jiji linaruhusiwa kukataa kwa sababu zipi hasa?

Karani Mstaafu
Dada, dirisha la vibali nimelikalia miaka kumi na moja, na barua kama hiyo nilishaiandika, kwa aibu yangu. "Utulivu wa umma" huandikwa na mtu aliyekosa sababu.

Sababu halali zinachosha kuzisoma: fomu haijakamilika, kuna aliyewahi kuomba uwanja uleule saa ileile, mliharibu mali mara iliyopita hamkulipa, umedanganya kwenye ombi, shughuli yenyewe ni hatari kwa watu. Bustani za Chicago zilikuwa na sababu 13 za namna hiyo, kwa mkusanyiko wa watu zaidi ya 50. Watetezi wa bangi wakashtaki (ndiyo, bangi), na mwaka 2002 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakasema utaratibu ule uko sawa. Jibu lilikuwa na ukomo wa siku 28, ukinyimwa ulielezwa kwa nini, na rufaa ilikuwapo. Hakuna aliyeuliza mtasema nini.

Birmingham, Alabama, ilikuwa kinyume. Sheria yao iliruhusu kunyima kwa ajili ya "amani", "maadili", hata "ustawi". Mchungaji Fred Shuttlesworth alikamatwa Ijumaa Kuu ya 1963 kwa kuandamana na watu 52 bila kibali. Mwaka 1969 mahakama hiyohiyo ikaifuta hukumu yake. Barua yako ni ndugu wa sheria ile.

Kiguu na Njia
Mi si mwanasheria, ila kuhusu hao wenye nyumba, soma kesi ya kaunti ya Forsyth, Georgia, 1992. Walitoza ada ya kibali hadi dola 1,000 kwa siku, ikipanda kadiri ulinzi unavyohitajika. Mahakama ikaikataa: hasira ya wasikilizaji asibebeshwe msemaji. Lakini kura zilikuwa 5 kwa 4, usiende kifua mbele sana. Na hizo spika, kelele wanaruhusiwa kuzibana.

Mama Riziki
Spika moja basi. Karani, zimebaki siku 19. Nikate rufaa au kwanza niombe sababu kwa maandishi?

Karani Mstaafu
Vyote, barua moja, leo. Wataje kifungu cha sheria ndogo, na kama shida ni uwanja, watoe mwingine. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Zilizokuja kwa posta nilikuwa naziweka chini kabisa.