Sheria za uhuru wa dini Marekani: ngao ya muumini au kibali cha kubagua?

Mleta mada
Wakuu, sheria ya Marekani ya mwaka 1993 ya kurejesha uhuru wa dini, wenyewe wanaiita RFRA, inasingiziwa mno. Haina mstari unaomruhusu mwenye duka kumfukuza mteja kwa kuwa ni shoga. Inaweka mtihani tu. Kwanza muumini athibitishe kwamba amri ya serikali inaielemea imani yake kwa kiasi kikubwa. Akiweza, zamu ya kujieleza inakuwa ya serikali: ina sababu nzito kweli kweli, na je, hakuna njia nyingine ya kufikia lengo lake bila kumbana mtu huyu kiasi hicho? Chanzo chake ni hukumu ya 1990 ya Mahakama ya Juu ya Marekani, pale wafanyakazi wawili wa Oregon waliofukuzwa kwa kutumia peyote (mmea wa kulevya) ibadani walipokosa mafao ya kukosa kazi. Seneti iliipitisha sheria hiyo kwa kura 97 dhidi ya 3. Ubaguzi uko wapi hapo?

Kifungu kwa Kifungu
Ndugu mleta mada, ya 1993 umeyaeleza vizuri, ila hadithi haikuishia hapo. Mtihani huo ulitungwa kwa raia anayevutana na serikali. Moto uliwaka ulipoanza kuombwa utumike kati ya raia na raia. New Mexico wana sheria ya jimbo ya aina hiyo. Studio moja ya picha iliyokataa kazi ya sherehe ya wanawake wawili ikajitetea nayo, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa: serikali si upande katika kesi hii, kwa hiyo sheria haikuhusu.

Sasa tazama Indiana, 2015. Sheria yao ilisema wazi kwamba mtu anaweza kujitetea nayo hata kama serikali haimo kwenye kesi, na ikahesabu kampuni kuwa "mtu". Ni pengo lilelile la New Mexico, limezibwa. Gavana Mike Pence aliisaini Machi 26. Kufikia Aprili 2 alikuwa ameshasaini marekebisho yanayosema haiwezi kutumika kumnyima mtu huduma, kazi au nyumba kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi au utambulisho wake wa jinsia. Kama haikuwa na sumu, dawa ilikuwa ya nini?

Mtazamaji
Samahanini wakuu, nyote mnang'ang'ania RFRA wakati wafanyabiashara maarufu walioshinda kesi za kukataa kazi za harusi za jinsia moja hawakushinda kwayo. Tangu hukumu ya 1997, RFRA ya taifa haizibani serikali za majimbo. Mwoka keki wa Colorado aliyekataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili alishinda 2018, kura 7 kwa 2, kwa sababu tume ya jimbo iliionyesha imani yake uadui wakati wa kumsikiliza. Ushindi mwembamba huo. Swali lenyewe, kama mwenye biashara anaweza kukataa kwa ajili ya imani yake, halikujibiwa. Mtengeneza tovuti wa jimbo hilohilo, asiyetaka kutengeneza tovuti za harusi za jinsia moja, alishinda 2023, 6 kwa 3, kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, wala si dini.

Na kesi hiyo ya pili isomwe kwa makini. Pande zote zilikubaliana mapema kwamba tovuti zake ni kazi ya kujieleza, na kwamba yuko tayari kumhudumia mteja wa mwelekeo wowote. Anachokataa ni ujumbe. Mkodisha viti au muuza matairi hawezi kujificha humo. Mpiga picha? Mpanga maua? Hapo ndipo mawakili watakapokula kwa miaka mingi.

Kubwa zaidi, ambalo wengi hawalijui: sehemu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inayohusu hoteli, migahawa na kumbi inataja rangi, dini na asili. Jinsia haimo kabisa. Kwa hiyo katika jimbo na mji usio na sheria yake, anayemkataa mteja wa LGBTQ hahitaji hata kutaja dini. Kazini ni tofauti, kwa hukumu ya Bostock ya 2020, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kumfukuza mtu kazi kwa kuwa ni shoga au amebadili jinsia ni ubaguzi wa jinsia, ila inagusa waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi.

Mleta mada
Basi njia ni ya Utah, 2015. Walilinda ajira na makazi, wakawaacha nje waajiri wenye watu chini ya 15, wenye nyumba chache za kupangisha, na taasisi za dini. Sheria pacha ikamtaka kila karani wa kaunti awe na mtu aliye tayari kufungisha ndoa, ili karani mwenye pingamizi asilazimishwe na wachumba wasirudishwe. Pande zote zilipata kitu.

Kifungu kwa Kifungu
Hilo la karani nalikubali. Mzigo haukumwangukia mtu wa tatu. Lakini maduka na huduma Utah waliyaacha kabisa, yaani palepale penye ugomvi mkali.

Nawe unayetaka misamaha, angalia inavyoandikwa. Mkataba wa jiji la Philadelphia na mashirika ya kutafutia watoto walezi ulipiga marufuku ubaguzi, ila ukampa kamishna wa jiji hiari ya kumsamehe anayetaka. Shirika la Kikatoliki lililokataa kuwapima wapenzi wa jinsia moja likashinda 2021 kwa kura 9 kwa 0. Jiji halikuwahi kumpa yeyote ruhusa hiyo. Kuwepo tu kwa hiari hiyo kwenye karatasi kulitosha.